Boti ya Mirbat kwa wanaomtafuta petreli wa Jouanin

Naanza na jibu, maana najua ndilo mnalolitaka: ndiyo, safari ya boti kutoka bandari ya wavuvi ya Mirbat, huku Dhofar, kusini mwa Oman, inastahili fedha yake, na petreli wa Jouanin, yule ndege mweusi wa bahari kuu, yupo. Sharti ni moja. Kubalianeni na nahodha mkiwa bado ufukweni kwamba hamwendi kukimbiza pomboo. Mkiliacha hilo mpaka mfike kwenye maji, mtarushwa kwa kasi huku na huko, mtaona vivuli vikikatiza mbele ya boti, na mtarudi hamna la kuandika kwenye daftari.

Mie ni mtu wa Unguja, naishi Muscat, na Ijumaa zangu nyingi huzimalizia ufukweni na darubini. Safari hii niliifunga kwa ajili ya ndege mmoja tu: petreli wa Jouanin, kwa jina la kitaalamu Bulweria fallax. Tulikuwa wanne, mie, shemeji yangu na marafiki wawili wa kazini. Tulipanda ndege mpaka Salalah, tukakodi gari, na alfajiri tukaendesha kama kilomita 70 kwenda mashariki, milima ya Samhan ikianza kuonekana mkono wa kushoto. Ilikuwa Oktoba. Kharif, yale majira ya manyunyu na ukungu ya Dhofar, ilikwisha, ukungu umeondoka, na bahari ambayo kwa miezi ya kusi haiingiliki kwa boti ndogo ilikuwa imetulia.

Kwa wasiomjua ndege mwenyewe, nieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alipe nauli ya ndege kwenda kuangalia kitu cheusi juu ya maji. Petreli huyu ni wa Bahari ya Arabuni. Mwili wote ni rangi ya kahawa iliyokolea, na kwa mbali utaapa kuwa ni mweusi tii. Mfaransa Christian Jouanin ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1955, na baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka arobaini kabla wanasayansi hawajapata viota vyake, kwenye magenge ya kisiwa cha Sokotra. Ndege mwenye mabawa yanayokaribia sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha anapita mbele ya wavuvi na meli za mafuta, na hakuna aliyeweza kuandika anapozaliwa! Nchi kavu huijia kwa ajili ya kuzaa tu. Maisha yake mengine yote ni maji, na maji ya chumvi ndiyo anayokunywa, kwa sababu ana tezi juu ya macho inayochuja chumvi na kuitoa kupitia puani. Ndugu zangu wa pwani ya Kenya, yanawahusu haya pia: hufika mpaka bahari ya mbele ya Watamu na Malindi, na boti za huko huwaona.

Kwa nini Mirbat? Kusi ikivuma miezi ya kiangazi cha huku Arabuni huyasukuma maji ya juu kutoka pwani ya Dhofar, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake, yakiwa na rutuba. Hapo ndipo dagaa wanapojaa, wale wale mnaowaona wameanikwa mchangani kwa ajili ya chakula cha ngamia. Na kilindi hakiko mbali na ufukwe, kwa hiyo huhitaji kusafiri usiku kucha ili uwafikie ndege wa bahari kuu. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara hilo ni jambo kubwa. Sehemu nyingine duniani safari ya namna hii huhitaji meli.

Sasa boti. Msitarajie jahazi wala boti ya kitalii yenye ghorofa. Ni boti ya wavuvi ya faiba, wazi kabisa, mashine mbili nyuma, ubao wa kukalia katikati na sanduku la barafu ambalo nalo ni kiti. Tulilipa riyali 60 kwa boti nzima, kuanzia alfajiri hadi karibu na adhuhuri, tukagawana. Kwa bei za Oman naiona ni haki, hasa ukikumbuka petroli na kwamba nahodha ameacha siku ya kuvua. Chambo kilikuwa ndani ya bei hiyo: ndoo ya dagaa waliopondwa na galoni ya mafuta ya samaki. Harufu yake itabaki kwenye nguo zenu, na baadhi ya nguo hizo mtazitupa.

Nahodha ni mzee wa makamo, anazungumza Kiarabu nasi, na Kijibali, lugha ya wenyeji wa Dhofar, na mwanawe aliyekuwa akimsaidia. Aliposikia mie ni wa Unguja akacheka, akatuhesabia moja mpaka kumi kwa Kiswahili bila kukwama. Baba yake alikuwa akishuka na kaskazi akiuza papa mkavu Mombasa na Unguja, na kurudi na kusi. Kutoka hapo nikawa namwita ami, naye akaniita binti, na mazungumzo ya bei yakaisha mapema.

Nikamwambia, "Ami, sie hatutaki pomboo wala nyangumi. Tunataka ndege, na tunataka ukae kimya ukiwa na mashine imezimwa."

Akaniuliza ndege gani. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama, akasema kwa Kiarabu, "Huyu hana samaki."

Sikumwelewa hapo hapo, na ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Wavuvi wa huku huwaangalia ndege kwa sababu ndege huwaonyesha jodari. Buabua wakikusanyika na kupiga mbizi, na wale weusi wakubwa wakajiunga nao, mvuvi anageuza usukani. Huyu mdogo anayepita peke yake, akikata maji matupu bila kusimama, hamwonyeshi mtu chochote, kwa hiyo mvuvi hamfuati. Si kanuni ya kuapia, maana petreli nao huonekana makundi makundi. Lakini siku ile wengi tuliowaona walikuwa mmoja mmoja, mbali na kelele za buabua. Kwa hiyo ukimwambia nahodha wa kawaida "nipeleke kwenye ndege", atakupeleka kwenye kundi la jodari, na petreli wako atakuwa anapita nyuma ya mgongo wako.

Ami alifanya vizuri mno hapa. Alitutoa mpaka maji yalipobadilika rangi kuwa bluu ya kilindi, akazima mashine, akaiacha boti ilale ubavu kwa upepo. Mwanawe akamimina chambo kidogo kidogo, utando wa mafuta ukajikunjua upande upepo unakokwenda. Petreli na jamaa zake wana pua za mrija juu ya mdomo na wananusa kwelikweli. Wanakuja wakipanda dhidi ya upepo, wakifuata harufu. Basi kaeni mkitazama kule utando ulikokwenda, na msipoteze nguvu za macho kuzunguka pande zote.

Wa kwanza kufika hakuwa petreli. Walikuja shakwe wa masizi, wale wa kijivu kizito wenye kichwa cheusi ambao hawakosekani kwenye bandari yoyote ya Oman, kisha kile kindege kidogo cha dhoruba cha Wilson, chenye weupe juu ya mkia, kikitembeza miguu juu ya maji kama mtu anayepima kina. Halafu wakaja shiawota wa miguu ya rangi ya nyama; shiawota ni ndege wa bahari kuu wa jamaa ya petreli. Hapa simameni nami kidogo, kwa sababu huyu ndiye anayewachanganya watu wengi zaidi.

Naye ni mweusi mwili mzima. Naye ni wa bahari kuu. Anatoka mbali kuliko petreli, anazaa Australia ya Magharibi na kisiwa cha Saint-Paul kusini mwa Bahari ya Hindi, na huja Arabuni kutumia majira yetu ya kiangazi. Oktoba wengi wameshaanza kurudi kwao, ila tulibahatika wachache. Mmoja alitua juu ya maji karibu na boti, nikaweza kumpitia kiungo kwa kiungo. Mdomo ni wa rangi ya waridi iliyopauka, na ncha yake nyeusi. Hiyo peke yake inatosha. Petreli wa Jouanin mdomo wake ni mweusi wote. Alipochovya kichwa kufuata kipande cha dagaa, miguu ilijitokeza nyuma, ya waridi vile vile. Ni ndege mzito, mabawa yake hupita mita moja, na akiruka hupiga bawa kwa mkono mgumu ulionyooka. Ukishamwona huyo kwa karibu, jicho lako limepata kipimo, na kila cheusi kitakachopita baada yake utakilinganisha naye.

Tukakaa. Shemeji akaanza kutazama saa. Kisha mwana wa ami akanyoosha mkono bila kusema neno.

Alikuja kutoka kule utando ulikokwenda, chini chini. Kitu cha kwanza nilichokiona ni urefu wa mabawa kwa mwili ule mwembamba, na mkia mrefu uliochongoka hadi nchani. Alipiga bawa mara nne, tano, taratibu, bila haraka yoyote, kisha akaliacha. Akateleza, akainuka kiubavu juu ya wimbi kimo cha mita tatu hivi, akageuka, tumbo likaonekana na lenyewe jeusi, akashuka mpaka ncha ya bawa ikakaribia kugusa maji, akateleza tena. Mpigo ule na mtelezo ule ndio ndege mwenyewe. Rangi itakudanganya, ukubwa utakudanganya kama hakuna cha kulinganisha naye, lakini namna anavyoruka hailingani na ya shiawota yeyote niliyewahi kumtazama.

Alipita mbele ya boti, karibu kiasi cha kuuona mdomo bila wasiwasi. Mnene, mfupi, mweusi, na ameuelekeza chini, hivyo kichwa kinaonekana kizito kwa ndege wa umbo lile. Juu ya bawa kulikuwa na mstari hafifu wa kahawia iliyofifia, wa manyoya yaliyochakaa. Nausisitiza huo uhafifu. Ana binamu yake, petreli wa Bulwer, mdogo zaidi, urefu wa sentimita 26 hadi 28 wakati huyu ana 30 hadi 32, na kwake yule mstari wa bawani umejitokeza wazi, mdomo ni mwembamba, na huruka kwa wepesi karibu sana na maji, akijipindapinda. Ukiona mstari umeng'aa, usikimbilie kuandika Jouanin. Tazama mdomo na tazama mruko.

Alituzunguka mara moja, akanusa alichonusa, akaenda zake. Petreli hawa hawakai kwenye chambo kama shakwe. Baada yake walipita wengine kwa vipindi, na kila aliyepita tulimpata vizuri, kwa sababu boti ilikuwa imetulia. Nililia kidogo, siwafichi. Nimesoma juu ya ndege huyu miaka mingi, na bahari anayoishi ni hii hii waliyoivuka wazee wangu.

Sasa nisiyoyapenda, maana hii ni tathmini na fedha ni yenu.

Sehemu ya kwanza ya safari niliifunga kupitia wakala mmoja wa Salalah, na huko ndiko palipoharibika. Aliahidi boti yenye turubai la kivuli. Tulipofika hapakuwa na turubai, na jua la saa nne za asubuhi pale kilindini halina huruma. Aliahidi pia majaketi ya kuokolea kwa kila mtu. Yalikuwa mawili, na ami, Mungu amlipe, ndiye aliyemtuma mwanawe kwenda kuazima mengine kwa jirani kabla hatujaondoka. Msikubali kupanda bila jaketi, hata bahari ikiwa imelala. Na wakala alijichukulia sehemu yake ya fedha juu ya zile 60. Safari ijayo nitaenda bandarini mwenyewe jioni ya siku iliyotangulia, wavuvi wakiwa wanatengeneza nyavu, na kuzungumza na nahodha uso kwa uso. Nawashauri mfanye hivyo hivyo.

Choo hakuna. Kina mama lijueni hilo kabla ya kunywa chai ya alfajiri. Boti hurusha maji ya chumvi ikikimbia, kwa hiyo simu na kamera ziwe ndani ya mfuko usioingia maji, na nguo pana zifungwe vizuri zisikamatwe na mashine. Dawa ya kichefuchefu imezeni mapema, kabla hamjaondoka bandarini. Rafiki yetu mmoja alingoja mpaka ashikwe, na safari nzima aliimalizia ameinamia ubavuni. Na kumbukeni kwamba kichefuchefu huzidi boti inaposimama, yaani saa ile ile mnapomtaka ndege.

Juu ya darubini nina maneno machache. Chukueni 8x42, yaani ya ukuzaji wa mara nane na kioo cha mbele cha milimita 42. Yenye ukuzaji wa mara kumi ni nzuri ufukweni ukiwa na miguu miwili ardhini, lakini kwenye boti ndogo kila mtikisiko nao unakuzwa mara kumi, na uwanja wa kutazama ni mwembamba, ndege anatoka nje kabla hujampata tena. Mpateni kwanza kwa macho matupu, msimwachie, kisha inueni darubini mpaka machoni. Ukianza kumtafuta ndani ya kioo hutampata.

Na mwanga. Asubuhi jua liko mashariki, na ukitazama upande wake kila ndege ni mweusi. Shiawota wa Uajemi, ambaye tumbo lake ni jeupe safi na ambaye huku Dhofar ni wa kawaida mno, dhidi ya mng'ao wa jua alionekana mweusi mpaka alipovuka kwenda upande wa pili wa boti. Tulimwomba ami atutoe kusini-magharibi kwanza ili jua libaki mgongoni, naye hakuona tabu. Mpigo wa bawa pia husaidia hapa: yule wa Uajemi hupiga haraka haraka, anateleza kidogo tu, anapiga tena. Jambo jingine ni wale weusi wa ukoo wa buabua, noddi, wenye utosi uliopauka. Hao hupiga bawa mfululizo kama buabua wote, hawajiachii kuteleza baina ya mawimbi.

Wasioweza boti kwa afya au kwa fedha wasikate tamaa. Miezi ya kusi, boti zikiwa zimepandishwa mchangani, simama kwenye rasi ya Mirbat asubuhi upepo ukiwa mkali. Upepo huwasukuma ndege wa bahari kuu karibu na nchi, na kwa darubini ya miguu mitatu utawaona wakipita. Ni kwa mbali, na mdomo huenda usiuone, ila mruko ule wa kupiga na kuteleza utausoma. Ni bure, na unaweza kuketi kwenye jiwe.

Nyota nne kati ya tano kwa ami na mwanawe. Ningewapa ya tano kama majaketi yangekuwa ndani ya boti tangu mwanzo. Wakala sina nyota ya kumpa. Watoto wadogo msiwalete, na mtu anayetaka picha za pomboo akodi boti yake, kwa sababu saa mbili za kukaa kimya juu ya maji yanayonuka dagaa zitamchosha na atawaharibia wengine. Wapenda ndege watatu au wanne wenye subira, boti hii inawatosha. Petreli wa Jouanin amewekwa kwenye kundi la ndege wanaokaribia kuwa hatarini, kwa hiyo mkishamwona andikeni tarehe, saa, mahali na idadi, na mpeleke kwenye orodha za watazamaji wa ndege. Hesabu zake ni chache na kila moja ina kazi.

Fedha mchukue taslimu. Mwambieni nahodha saa ya kuondoka ni mara baada ya swala ya alfajiri, na mfike kabla yake, kwa sababu upepo ukishapanda karibu na adhuhuri atageuza boti, na ana haki ya kuigeuza.